Kuahirisha kazi ndani ya kerneli ya Linux: mwongozo kamili wa kuipa seva wepesi bila kupoteza data

Programu ikiomba GB 8 za RAM, kerneli ya Linux (kiini cha mfumo kinachogawa RAM, diski na prosesa) huitikia papo hapo bila kutoa hata ukurasa mmoja. Ukurasa wa kwanza, wa KB 4 kwenye mashine za x86-64, hutolewa pale tu programu inapougusa. Ukiandika faili, mwito wa `write()` humaliza diski ikiwa bado haijaguswa. Mchakato ukizaa mwingine kwa `fork()`, kumbukumbu hainakiliwi: wote wawili husoma kurasa zilezile mpaka mmoja wao aandike. Pakiti ikifika kwenye kadi ya mtandao, interapti (ishara ya kifaa inayokatiza prosesa) hufanya kidogo kabisa na kuacha kazi nzito ifanyike baadaye.

Tabia ni moja, kuahirisha, na faida yake hutoka sehemu mbili tu. Ama kazi iliyoahirishwa hufa yenyewe, mfano faili ya muda inayofutwa kabla haijafika kwenye diski. Ama kazi nyingi huungana kuwa moja, kama ukurasa ulioandikwa mara 500 ukapelekwa diski mara moja. Kazi isiyokufa wala kuungana na nyingine haijapungua hata chembe. Imesogezwa tu, na mara nyingi hurudi wakati mbaya, yote kwa mkupuo. Kila badiliko lililo hapa chini lipimwe kwa swali hilo.

Maelekezo yanahusu Linux 5.10 na kuendelea. Amri zote zinaendeshwa kama root.

## Pima kabla hujagusa chochote

Hifadhi kwanza hali ilivyo, ili uwe na pa kurudi:

```
sysctl -a > /root/sysctl-kabla.txt
findmnt -o TARGET,SOURCE,FSTYPE,OPTIONS > /root/mount-kabla.txt
```

Kisha angalia seva ikiwa na mzigo wake wa kawaida, si saa nane usiku wakati hakuna mtu:

```
vmstat 1
mpstat -P ALL 1
iostat -x 1
watch -n1 'grep -E "^(Dirty|Writeback):" /proc/meminfo'
cat /proc/pressure/io
```

Faili za `/proc/pressure` huonyesha asilimia ya muda ambao michakato ilikwama ikisubiri diski, RAM au prosesa. Zipo tangu kerneli 4.20, ila baadhi ya distro zinahitaji uongeze `psi=1` kwenye mstari wa kuwashia kerneli.

Unachotafuta ni hiki. `Dirty` ikipanda taratibu hadi GB kadhaa kisha ikaporomoka huku `iostat` ikionyesha diski imejaa, tatizo ni uandishi uliorundikana. Safu ya `%soft` ya `mpstat` (muda wa kazi zilizoahirishwa na interapti) ikiwa juu kwenye kori moja tu huku nyingine zimetulia, tatizo liko kwenye mtandao. `compact_stall` (mara ambazo programu ilisimama kusubiri kumbukumbu ipangwe upya) ndani ya `/proc/vmstat` ikipanda kila sekunde, ni kumbukumbu. Kama hakuna hata kimoja, funga mwongozo huu ukatafute kasoro ndani ya programu yenyewe. Huko ndiko iliko mara nyingi.

Badilisha kitu kimoja kwa wakati. Na usiangalie wastani peke yake: kuahirisha vibaya huboresha wastani na kuharibu maombi machache yanayokutana na mkupuo. Angalia muda wa ombi la polepole kuliko yote kati ya kila 100.

## Uandishi wa diski: penye faida kubwa na hatari kubwa

Data iliyoandikwa na programu hukaa kwanza kwenye RAM kama kurasa chafu, yaani kurasa zenye mabadiliko ambayo diski haijayapata. Mipangilio minne ndiyo inayoamua zitakaa muda gani:

- `vm.dirty_writeback_centisecs` (500): kila sekunde 5 thredi za kerneli huamka kutafuta cha kuandika.
- `vm.dirty_expire_centisecs` (3000): ukurasa uliokaa mchafu zaidi ya sekunde 30 unastahili kuandikwa.
- `vm.dirty_background_ratio` (10): kurasa chafu zikipita asilimia 10, uandishi wa chinichini unaanza bila kusubiri umri.
- `vm.dirty_ratio` (20): hapa programu yenyewe inayoandika inasimamishwa mpaka diski ipumue.

Asilimia hizo si za RAM yote bali za RAM inayopatikana: iliyo wazi pamoja na kache inayoweza kuachiwa. Pia breki haisubiri asilimia 20 kamili. Programu huanza kupunguzwa kasi katikati ya vizingiti viwili, yaani kwenye asilimia 15 kwa namba hizi za kawaida.

Sasa piga hesabu. Seva ina RAM ya GB 64, na GB 60 zinapatikana. Asilimia 10 ni GB 6, asilimia 20 ni GB 12. Kama diski ni ya kuzunguka inayoandika MB 150 kwa sekunde, GB 6 zinahitaji sekunde 40 kuisha, na GB 12 zinahitaji 80. Mtu akinakili bakapu kubwa, amri ya `cp` inaonekana kukimbia ajabu, kisha hifadhidata iliyo jirani inaita `fsync()` (mwito unaosubiri mpaka data ifike diski) ya KB chache na kujikuta kwenye foleni moja na GB hizo zote. Bakapu haikufa wala haikuungana na kitu. Ilirundikana tu.

Tiba ni kuacha asilimia na kutumia baiti. Kanuni inayofaa: kizingiti cha chini kiwe kiasi ambacho diski yako huandika kwa takriban sekunde 2, na cha juu kiwe mara 4 ya hicho. Kwa diski ya MB 150 kwa sekunde:

```
# /etc/sysctl.d/90-uandishi.conf
vm.dirty_background_bytes = 268435456
vm.dirty_bytes = 1073741824
```

Hiyo ni MB 256 na GB 1. Sasa rundo kubwa kabisa linaisha kwa sekunde 7 hivi. Washa kwa `sysctl --system`, kisha hakikisha kwa `sysctl vm.dirty_bytes vm.dirty_ratio`. Ukiweka baiti, uwiano wa asilimia hujigeuza sifuri, na kinyume chake. Hiyo si hitilafu. Kama distro yako inaendesha huduma ya `tuned`, angalia `tuned-adm active`, kwa sababu profaili yake inaweza kurudisha thamani zake mashine ikiwaka upya na ukabaki unashangaa kazi yako imekwenda wapi.

Kwa NVMe inayoandika GB 2 kwa sekunde, namba za asilimia kwa kawaida hazina madhara. Usizishushe kwa sababu tu umesoma ushauri wa enzi za diski za kuzunguka. Ukishusha mno, unaua faida yenyewe: ukurasa unaoandikwa mara nyingi utapelekwa diski mara nyingi.

Kuna pia mashine zinazonufaika kwa kuahirisha zaidi. Seva ya kukompaili programu hutengeneza maelfu ya faili za muda ambazo nyingi hufutwa ndani ya dakika moja. Ukipandisha `dirty_expire_centisecs` hadi 6000 au 12000, sehemu kubwa ya faili hizo hufa kwenye RAM. Bora zaidi, ziweke kwenye `tmpfs`, ambako hakuna diski ya kuandikiwa kabisa. Raspberry Pi inayotumia kadi ya SD nayo inafaidika, maana kila uandishi unaokwepeka unaongeza uhai wa kadi.

Flashi za USB zinastahili neno lao. Kifaa kinachoandika MB 5 kwa sekunde kinaweza kushikilia kurasa chafu nyingi mno, `cp` ikaisha upesi na `umount` ikachukua dakika kadhaa. Tafuta namba ya kifaa kwa `lsblk`, mathalani 8:16, kisha:

```
echo 1 > /sys/class/bdi/8:16/max_ratio
echo 1 > /sys/class/bdi/8:16/strict_limit
```

Mstari wa pili unahitaji kerneli 6.2 au mpya zaidi. Bila huo, kikomo cha kifaa hakiumi mpaka mfumo mzima ukaribie vizingiti vyake.

### Umeme ukikatika

Kwa mipangilio ya kawaida, data isiyofanyiwa `fsync` inaweza kuwa na umri wa sekunde 35 hivi bado iko kwenye RAM. Kama seva yako iko mahali umeme unakatika bila taarifa, na wasomaji wengi wa Kiswahili wanaijua hali hiyo vizuri, UPS inayoweza kuizima mashine kwa utaratibu ni sehemu ya mpangilio huu, si anasa.

UPS haitoshi, lakini. Programu inayobadilisha faili muhimu ifuate mpangilio huu kamili:

1. Andika maudhui mapya kwenye faili ya muda, ndani ya saraka ileile.
2. Ita `fsync()` kwenye faili hiyo na uangalie jibu lake.
3. Ita `rename()` juu ya jina la zamani.
4. Ita `fsync()` kwenye saraka.

Hatua ya 2 ndiyo inayorukwa mara nyingi. Mfumo wa faili wa ext4 huahirisha hata uamuzi wa data ikae wapi kwenye diski, na mwaka 2009 watumiaji wengi walikuta faili zao za mipangilio zina baiti sifuri baada ya mashine kuzimika ghafla: jina jipya lilikuwa limeandikwa, data bado. Kerneli 2.6.30 iliongeza kinga kwa ajili ya `rename()`, lakini kinga hiyo ni ya ext4. Usijenge programu yako juu yake.

Kosa la diski nalo huahirishwa pamoja na kazi. `write()` ilishasema sawa. Diski ikishindwa baadaye, habari inakuja kwenye `fsync()`. Na `fsync()` ikishindwa, usiirudie ukadhani yamekwisha. Kerneli inaweza kuwa imeshaziwekea kurasa zile alama ya usafi, na jaribio la pili likajibu kwamba kila kitu ni salama ilhali data haiko kwenye diski. PostgreSQL iligundua jambo hili mwaka 2018, na tangu marekebisho ya 2019 hujizima makusudi `fsync` ikishindwa ili isome upya kutoka kwenye logi yake.

Ukihitaji kasi kwenye hifadhidata, ahirisha katika ngazi inayojua maana ya data. Kwenye PostgreSQL, `synchronous_commit = off` huhatarisha miamala ya mwisho tu, kwa mipangilio ya kawaida ndani ya milisekunde 600, na hifadhidata inabaki nzima. `fsync = off` inaweza kuiharibu yote. Zinaonekana kama ndugu, hazifanani kabisa. Vivyo hivyo usiguse `barrier=0` (inayozima ulinzi wa mpangilio wa uandishi) kwenye ext4 kwa sababu ya alama nzuri za jaribio la kasi.

## Mihuri ya muda na vitu vidogo vya mfumo wa faili

Kusoma faili hubadilisha muda wake wa kusomwa, kwa hiyo kusoma kunazaa kuandika. Tangu 2.6.30 chaguo la kawaida ni `relatime`: muhuri husasishwa tu kama ni wa zamani kuliko badiliko la mwisho la faili, au umepita saa 24. Kwa seva nyingi hilo linatosha.

`noatime` huiondoa kazi hiyo kabisa. Kuwa makini na visafishaji vya `/tmp`: `systemd-tmpfiles` hutazama pia muda wa kusomwa, hivyo faili inayosomwa kila siku bila kubadilishwa inaweza kuonekana imetelekezwa na kufutwa.

`lazytime`, iliyoingia kwenye Linux 4.0 mwaka 2015, ndiyo kuahirisha kwa mfano mzuri. Mihuri hubadilika kwenye RAM na programu huiona sahihi, lakini huandikwa diski pale tu inode (rekodi ya taarifa za faili) inapoandikwa kwa sababu nyingine, faili ikifanyiwa `fsync`, inode ikiondolewa kwenye RAM, au zikipita saa 24. Inafaa hasa kwa faili za hifadhidata zinazoandikwa ndani kwa ndani bila kuongezeka ukubwa:

```
UUID=...  /var/lib/data  ext4  defaults,lazytime  0 2
```

Kwa SSD, ondoa chaguo la `discard` (linaloiambia SSD nafasi iliyoachwa kila faili inapofutwa) kwenye fstab na utumie `systemctl enable --now fstrim.timer`, inayofanya usafi mara moja kwa wiki. Maelfu ya amri ndogo yanakuwa machache makubwa.

Na kabla hujapima kasi ya diski mpya: `mkfs.ext4` humaliza upesi kwa sababu inaahirisha kujaza jedwali za inode. Thredi iitwayo `ext4lazyinit` huzijaza baada ya mount ya kwanza, diski ikiwa tayari inatumika, na kuchafua vipimo vyako. Kwa majaribio tumia `mkfs.ext4 -E lazy_itable_init=0,lazy_journal_init=0`.

## Kumbukumbu: nani atalipa gharama ya mguso wa kwanza

Utoaji wa RAM kwa kuguswa unafanya kazi vizuri sana kwa programu za kawaida, kwani nyingi huomba zaidi ya zinachotumia na sehemu isiyoguswa haigharimu chochote. Gharama inabaki kwa zinazotaka jibu la uhakika ndani ya muda mfupi: mguso wa kwanza unaangukia katikati ya ombi la mteja. Huko tengua uahirishaji. Java ina `-XX:+AlwaysPreTouch`. Kwenye C kuna `MAP_POPULATE` na `mlockall(MCL_CURRENT | MCL_FUTURE)`. Mashine itachelewa kuwaka, na hapo ndipo mahali pazuri pa kuchelewa.

Kukataa nako kumeahirishwa. Kwa `vm.overcommit_memory=0`, kerneli inaahidi zaidi ya ilichonacho, na siku deni likidaiwa lote kwa pamoja, muuaji wa OOM, sehemu ya kerneli inayoingilia RAM ikiisha, anachagua mchakato wa kuua. Thamani 2 inarudisha kukataa kwenye wakati wa kuomba, lakini tazama mtego: kikomo ni swapu (nafasi ya diski inayosaidia RAM) jumlisha asilimia 50 ya RAM. Seva isiyo na swapu itaanza kukataa maombi ikiwa imeahidi nusu tu ya RAM yake. Rekebisha `vm.overcommit_ratio` kwanza.

Redis, hifadhidata inayokaa kwenye RAM, ni mfano mzuri wa `fork()`. Inapohifadhi data chinichini huzaa mchakato, na kurasa hazinakiliwi, lakini jedwali la kurasa linanakiliwa. Mchakato wa GB 24 una kurasa za KB 4 zipatazo milioni 6.3, kila moja na ingizo la baiti 8: MB 48 za jedwali zinazonakiliwa wakati wateja wanasubiri. Baada ya hapo, kila ukurasa unaoandikwa na mzazi hunakiliwa. Weka `vm.overcommit_memory=1`, la sivyo kerneli inaweza kuikatalia `fork()` kwa hofu kwamba GB 24 nyingine zitahitajika, na acha nafasi ya RAM kwa kurasa zitakazobadilika wakati wa kuhifadhi.

Kurasa kubwa za MB 2 nazo zina uahirishaji wake. Kuzipata mara nyingine kunahitaji kerneli ipange upya kumbukumbu iliyotawanyika, na kwa chaguo la `always` programu inasimama ikisubiri. Badala yake:

```
echo defer+madvise > /sys/kernel/mm/transparent_hugepage/defrag
```

Sasa programu inapewa kurasa ndogo papo hapo, upangaji unafanywa nyuma, na `khugepaged` huziunganisha baadaye. Zilizoomba wazi kwa `madvise()` ndizo pekee zinazosubiri. `compact_stall` ipungue ndani ya dakika chache, isipopungua, rudisha.

Kurudisha RAM pia kunaweza kuahirishwa, kwa `MADV_FREE`: kurasa zinabaki kwenye hesabu ya mchakato mpaka kerneli izihitaji. Lugha ya Go iliitumia kuanzia toleo la 1.12 na ikarudi kwenye `MADV_DONTNEED` katika 1.16, kwa sababu vipimo vya RAM vilionyesha programu zimevimba ilhali sivyo. Ukiona mchakato hauachii RAM, hakikisha kwanza si `LazyFree` ndani ya `/proc/PID/smaps` kabla hujatangaza uvujaji.

## Mtandao: interapti fupi, kazi ndefu

Kadi ikipokea pakiti, interapti hunyamazisha kadi na kuacha alama. Usindikaji hufanywa na softirq (kazi ya kerneli inayofuata baada ya interapti), ikizoa pakiti kwa mafungu. Softirq isiyoisha ndani ya milisekunde 2 au mizunguko 10 hukabidhiwa `ksoftirqd`, thredi ya kawaida inayogombea prosesa kama wengine. Kwa hiyo `ksoftirqd/3` ikiwa juu kwenye `top`, kori namba 3 imezidiwa na kazi iliyoahirishwa.

Soma `/proc/net/softnet_stat`: kila mstari ni kori moja, namba ni za msingi wa 16. Safu ya kwanza ni pakiti zilizosindikwa, ya pili zilizotupwa kwa foleni kujaa, ya tatu ni mara ambazo softirq iliishiwa bajeti ikiwa bado na kazi. Chukua sampuli mbili zenye tofauti ya sekunde 10. Kinachohusika ni ongezeko, si jumla tangu mashine iwake.

Ya tatu ikipanda kwa kasi kwenye kori zote:

```
sysctl -w net.core.netdev_budget=600
sysctl -w net.core.netdev_budget_usecs=8000
```

Ikipanda kwenye kori moja tu, bajeti si dawa. Gawa kwanza foleni za kadi (`ethtool -l eth0`, kisha `ethtool -L eth0 combined 8` kama kadi inaruhusu) na uangalie `/proc/interrupts` kama mgawanyo umekaa sawa.

Kisha punguza idadi ya interapti zenyewe:

```
ethtool -c eth0
ethtool -C eth0 adaptive-rx off rx-usecs 50
```

Maikrosekunde 50 zina maana ya interapti zisizozidi 20,000 kwa sekunde kwa kila foleni, na pakiti ya kwanza kusubiri hadi maikrosekunde 50. Kwa seva ya faili hilo halionekani. Kwa huduma inayojibu ndani ya maikrosekunde 100, umeongeza nusu nzima. Huko acha `adaptive-rx on`.

## Saa na kori zinazotakiwa kutulia

Michakato ya kawaida ina ulegevu wa maikrosekunde 50 kwenye saa zake, ili kerneli iamshe kadhaa kwa mpigo mmoja. Huduma ya ufuatiliaji inayoamka kila sekunde haihitaji usahihi huo. Ndani yake ita `prctl(PR_SET_TIMERSLACK, 100000000)`, yaani milisekunde 100, na prosesa italala vizuri zaidi.

Kwa kori zinazotumikia kazi nyeti, hamisha kazi za RCU (utaratibu wa kerneli wa kuachia kumbukumbu wasomaji wakishamaliza) kwa `rcu_nocbs=2-7` kwenye mstari wa kuwashia. Kerneli 6.2 iliongeza `CONFIG_RCU_LAZY`, inayoweza kuchelewesha uachiaji wa kumbukumbu hadi sekunde 10 mashine ikiwa imetulia. Ni ya kompyuta za mapajani na simu.

## Ukiandika moduli yako mwenyewe

Interapti ichukue hali ya kifaa, ikinyamazishe, iondoke:

```c
static irqreturn_t kifaa_irq(int irq, void *d)
{
	struct kifaa *k = d;
	u32 hali = readl(k->regs + REG_HALI);

	if (!hali)
		return IRQ_NONE;
	writel(hali, k->regs + REG_HALI);
	queue_work(k->wq, &k->kazi);
	return IRQ_HANDLED;
}

static void kifaa_kazi(struct work_struct *w)
{
	struct kifaa *k = container_of(w, struct kifaa, kazi);

	while (kifaa_kuna_data(k))
		kifaa_soma_moja(k);
}
```

Tazama kitanzi cha `while`. `queue_work()` ikikuta kazi tayari iko foleni hurudisha `false` na haiongezi nyingine, kwa hiyo interapti tano zinaweza kuzaa mwito mmoja. Muungano huo ndio faida unayoitafuta, na ndio unaopoteza data kwa anayesoma kipande kimoja kwa kila mwito akidhani hesabu zinalingana.

Workqueue (foleni ya kazi inayoendeshwa na thredi za kerneli) inaruhusiwa kulala, kushika mutex na kutumia `GFP_KERNEL`. Softirq na tasklet (kazi ndogo zinazoendeshwa juu ya softirq) haziruhusiwi. Ukilala humo utapata `BUG: scheduling while atomic`. Tasklet zinaondolewa polepole, usianze nazo mradi mpya. Kama kila interapti inahitaji thredi yake, `request_threaded_irq()` pamoja na `IRQF_ONESHOT` ni njia fupi zaidi.

Kazi ndefu isiende kwenye foleni ya pamoja ya mfumo. Kuanzia kerneli 6.5 inaweza kulalamika kwenye `dmesg` kwamba kazi yako `hogged CPU` na kupendekeza `WQ_UNBOUND`; isikilize. Na kama kazi iko kwenye njia ya kuachia kumbukumbu, mfano draiva ya diski, tengeneza foleni kwa `WQ_MEM_RECLAIM`. Bila hiyo, RAM ikiisha, foleni inahitaji RAM ili kuunda thredi itakayoachia RAM, na mashine inakwama.

Kuondoa moduli ndiko kunakoangusha wengi, kwa sababu kazi iliyoahirishwa huja kutafuta kumbukumbu iliyokwisha kuachiwa. Mpangilio ni huu: zima interapti ndani ya kifaa, `free_irq()`, simamisha saa zozote zinazopanga kazi, `cancel_work_sync()`, `destroy_workqueue()`, na mwisho kabisa `kfree()`. Ukiwa umetumia `call_rcu()` yenye kitendakazi chako, ongeza `rcu_barrier()` kabla moduli haijaondoka. La sivyo kerneli itaruka kwenye msimbo ambao haupo tena.

## Uahirishaji uliopitwa na wakati

Kwa miaka mingi kerneli ziliahirisha kubadilisha rejista za hesabu za desimali, FPU, mchakato mmoja ulipompisha mwingine. Hoja ilikuwa kwamba mpya huenda asizitumie, na kazi ikafa. Baadaye maktaba za kawaida zilianza kutumia rejista hizo hata kunakili kumbukumbu, ikawa karibu kila mchakato unazihitaji. Kazi haikufa tena. Ilisubiri kidogo, kisha ikaja na gharama ya ziada ya mtego wa prosesa. Linux 4.6, mwaka 2016, ilihamia kwenye kubadilisha papo hapo. Mwezi Juni 2018 ukatangazwa udhaifu wa usalama CVE-2018-3665: kwenye prosesa za Intel, thamani za mchakato wa zamani zilizoachwa ndani ya rejista hizo ziliweza kusomwa na mchakato mwingine kwa kubahatisha kwa prosesa. Ukikuta mwongozo wa zamani unaopendekeza `eagerfpu=off`, usiufuate.